Shangazi Aliyezikwa Mara Mbili

Fundi cherehani alikuwa amejikunja kitandani, chupa ya maji ya moto tumboni, akisubiri vidonge vifanye kazi. Wapi! Kila mwezi hedhi ilimwangusha siku mbili nzima, na kila mwezi ilibidi amtungie msimamizi wa karakana uongo mpya. Malaria alishaugua. Jino alishang'oa, kwa maneno tu. Mwezi uliopita alimfisha shangazi aliyemlea, na alfajiri ya leo, akiandika ujumbe huku jasho linamtoka, akamfisha tena. Mtu akiumwa hivyo hata hesabu ya marehemu wake humpotea.

Saa nne hodi ikapigwa. Akasikia shangazi akifungua mlango.

"Nimekuja kumpa pole binti," ilisema sauti ya msimamizi. "Amefiwa na shangazi. Wa pili huyu ndani ya mwezi."

"Shangazi yupi? Anaye mmoja tu, na ndiye mimi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mshahara wake ndio uliowalisha wote wawili. Akajikokota hadi sebuleni, mkono ukutani, na akili yake iliyochoka haikuwa na uongo mwingine.

"Sina msiba, bosi. Ni hedhi. Inaniumiza mpaka natapika."

Msimamizi akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, lakini alishachoka kudanganywa.

"Cherehani yako watu kumi wanaimezea mate," alisema. "Kesho kutwa njoo na barua ya daktari. Huna barua, usije kabisa."

Alipoondoka, shangazi aligeuka, macho yamemwiva.

"Yaani bora unizike, tena mara mbili, kuliko kumwambia mtu kwamba unaumwa?"

"Nilishamwambia mtu." Fundi aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. "Nilikwambia wewe, nikiwa na miaka kumi na minne. Ukasema nijikaze, eti kila mwanamke anaumwa."

Shangazi akaketi sakafuni kando yake, taratibu, kwa sababu ya magoti yake.

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo," alisema. "Nikajikaza miaka thelathini. Nilikuwa nazimia chooni."

Akavuta viatu vya binti na kuanza kumvalisha, mguu mmoja mmoja.

"Twende hospitali. Ukishindwa kumwambia daktari, nitamwambia mimi. Maumivu yako na yangu."