Masikio ya Mkurugenzi

Kiongozi wa okestra ya mtaa alikataza watu kumwita kondakta. Kondakta, alisema, ni mtu wa basi. Alitaka aitwe Mkurugenzi wa Muziki. Basi mbele yake wakamwita Mkurugenzi, na akigeuza kisogo tu, Konda.

Muuguzi wa kliniki ya masikio, aliyepiga fidla safu ya nyuma, alikuwa amemchoka kitambo. Jumamosi akifika mazoezini na sare ya kazi, Konda humpokea kwa kejeli: "Karibu Sista. Leo umetuletea muziki au sindano?" Safu ya mbele hucheka. Kucheka na mkubwa ndiko kulikowaweka mbele.

Lakini lililomkera hasa lilikuwa jambo la Mwalimu, mama mtu mzima aliyepuliza filimbi kwa sauti nyembamba isiyo na doa. Miezi miwili mizima Konda alikuwa akimsimamisha. "Mwalimu, sikusikii! Unapuliza au unapoza chai?" Mama wa watu akaongeza pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wapi! Mwisho Konda akamwambia afungashe filimbi yake, okestra si mahali pa kupumzikia wazee. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na minane. Muuguzi alipojaribu kumtetea Mwalimu, akakatizwa: "Nyamaza wewe, hapa si wodini."

Jumatano iliyofuata, nani anaingia kliniki? Konda, tai shingoni, karatasi ya daktari mkononi: asafishwe masikio.

"Wewe? Hakuna mwingine?"

"Nipo mimi na bomba langu. Kaa."

Muuguzi akamulika. La kulia limeziba, la kushoto limeziba. Akamshikisha kibakuli chini ya sikio, akasukuma maji ya uvuguvugu. Mara ya tatu likachomoka donge jeusi la nta, kubwa kama punje ya maharage. Upande wa pili likatoka kaka yake.

Konda akashtuka. "Mbona unanipigia kelele?"

"Sijapiga kelele, Mkurugenzi. Ndivyo ninavyoongea siku zote."

Kibakuli hakukiondoa haraka. Alimwachia akitazame mpaka ashibe.

"Haya mambo," Konda akanong'ona, "ni siri, sivyo?"

"Siri ya mgonjwa ni siri. Hata mgonjwa akiwa wewe."

Muuguzi alidhani sasa mtu huyu, kwa aibu, atapiga hodi kwa Mwalimu siku hiyohiyo. Kumbe aibu nayo huchagua nyumba ya kulala.

Jumamosi, kipande cha kwanza hakijafika nusu, Konda akawasimamisha wote, uso unang'aa. "Mmezisikia filimbi zilizobaki? Zinasikika! Hiyo ndiyo faida ya ukali wangu. Nimewanoa, sasa mnakata!" Safu ya mbele wakapiga makofi.

Neno moja tu lingemvua nguo yule mzee hadharani, lakini kiapo cha kazi ni kiapo. Muuguzi akasimama, fidla mkononi.

"Ni kweli, Mkurugenzi, umewanoa. Basi tumwite na Mwalimu, maana aliyenolewa kuliko wote ni yeye. Au unadhani kulikuwa na sababu nyingine ya kutosikika kwake?"

Mkono wa Konda ukapanda polepole hadi sikioni, ukajisahihisha, ukatengeneza tai.

"Aje," akasema. "Hata mimi nilikusudia kumwita."

"Tunakushukuru kwa moyo huo," muuguzi akajibu, akaketi.

Wiki iliyofuata Mwalimu akarudi kwenye kiti chake, akapuliza. Konda akamsikiliza hadi mwisho. Radhi hakuomba, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayetoa sadaka.

"Umejirekebisha, Mwalimu. Hongera."

Mwalimu akamkazia macho. "Sijarekebisha kitu, baba. Nimepuliza vilevile."

Hata safu ya mbele wakaangua kicheko. Konda akainua kijiti upesi, akaanzisha kipande kipya bila kuhesabu, na okestra nzima ikaingia ovyo, kila mtu na lake.