Kushoto Kwa Bibi Harusi

Simu zote ziliachwa kapuni mlangoni, kama ilivyo kawaida ya nyumba nyingi za mtaa wa Kibokoni bibi harusi akipambwa, asije mtu akatoa picha nje. Ikabaki kamera moja, ya Naomi, mpigapicha kutoka Tudor. Nayo ilikuwa na tatizo: alasiri ile, upande wa kushoto wa kila picha ulitoka mweupe kama unga.

Hapo kushoto alisimama Mbodze, mfanyakazi wa nyumba. Ndiye aliyemlea Lamis, bibi harusi, tangu hajaota meno. Kesho Lamis angekwenda Maskati na mumewe, na Mbodze aliomba kitu kimoja tu katika harusi nzima: picha moja, awe naye. Lamis alimwahidi.

Naomi alianza kwa kujishuku mwenyewe. ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, aliisahau juu tangu alipopiga picha kanisani, akaishusha. Akazima flashi. Akafunga pazia. Akaongeza kasi ya shata, akabana tundu la lenzi. Kila alipopunguza mwanga, jamaa wote walizidi kufifia, ila Mbodze akabaki vile vile, leso iliyojaa nuru, haina uso.

"Mwanga watoka kwake," Naomi alisema.

"Watoka kwake tangu zamani," alijibu Bi Mejumaa, mama yake Lamis. "Mwambie asogee kando, mwanangu, chai yapoa."

Naomi hakumwambia. Alikasirika, tena sana, na hasira zake akazimalizia kwenye vitufe. Si mtu wa kushindwa na kifaa alichokinunua kwa jasho lake. Akaiweka kamera ipime mwanga usoni mwa Mbodze peke yake, wengine na waende watakakokwenda. Akapiga.

Mbodze akatokea mzima, na mikunjo ya macho, na kovu la mafuta ya mahamri mkononi, na kicheko alichokuwa akijaribu kukibana. Familia yote ilikuwa nyeusi kama masizi. Naomi akamsogeza Lamis, akamwegemeza begani kwa Mbodze, akapiga tena. Shavu lililomgusa Mbodze likaonekana vizuri. Sehemu nyingine zote zilikuwa giza. Mwaka ule Naomi hakuwa amepiga picha nzuri kushinda hiyo.

Bi Mejumaa akaichukua kamera, akazipitia picha, kwa kuwa mama mtu ndiye anayeamua ipi ibaki, akakomea kwenye ile ya shavu.

"Hii ifute. Hamna mtu."

"Mbodze anaonekana, mama," alisema Naomi.

"Ndiyo nasema, hamna mtu."

Naomi alikaza uzi. Alisema hafuti, hata wamnyime chakula. Akamgeukia Lamis, maana ahadi ilikuwa ya Lamis. Lamis aliitazama hina ya vidole vyake.

"Dada Mbodze," alisema, "hebu kaangalie wali."

Mbodze akaenda. Bi Mejumaa akaifuta picha kwa kidole chake mwenyewe, na iliyofuata ikatoka sawa mara moja: kila uso mahali pake, kila rangi inavyostahili. Wote waliipenda.

Magharibi umeme ukakatika mtaa mzima. Jamaa walikuwa wameshanawa mikono, wameketi kulizunguka sinia. Bi Mejumaa akaita jikoni, na Mbodze akaja, akasimama kando ya mkeka, sinia likaonekana, mpaka wote wakashiba.