Kioo cha Rangi

...na sasa kimezima kabisa, nimebonyeza pembeni, nimebonyeza chini, nimekipigapiga kiganjani kama baba alivyokuwa akiipiga redio, kompyuta ya mkononi nzima, kitu cha kuletwa kwa ndege, kioo cheusi tititi, na Bi Biasha yuko hapa mbele yangu mkekani, ameishaondoa leso usoni, ananyoosha mguu, anasema nini, anasema kuku wa jirani wameingia kwenye mihogo aliyoianika, wabaya hao mama, namjibu, na kidole bado kinabonyeza, waka, waka basi, maana kila alichonieleza mwanamke huyu kuhusu mwanawe aliyefariki masika kilikuwa humu ndani na hakikuandikwa pengine popote. "Mbona kimya, mwanangu, kimelala?" "Kinafikiri, mama." Kinafikiri! Mwangangi mwongo wewe, kifikiri nini, moto wa betri ukiisha na kumbukumbu zote zimekwenda, tuliambiwa siku ya kwanza ofisini Msambweni, ndiyo sababu kikapewa betri ndogo ya akiba, na hiyo ya akiba imelalamika wiki nzima, kila asubuhi onyo kiooni, kila asubuhi nalifuta kwa kidole, kwa nini, kwa sababu Swabir anakaa meza ya pili, ningeomba betri angesikia, angecheka, "Haya, bwana, bibi harusi wako ataka nini tena leo?", yeye na kile chake cha kijivu... mradi wetu wa kuandika habari za vifo vya watoto umeleta vidude vya aina mbili tuzijaribu nyumba kwa nyumba, itakayoshinda ndiyo itakayonunuliwa kwa wilaya nzima, nami nikasimama kikaoni kukitetea hiki, kina rangi, kina vibonye kamili, maelezo marefu unayaandika kama uko mezani, na cha Swabir nikakiita kikokotoo cha muuza sukari, watu wakacheka, nikafurahi kweli, lakini hicho kikokotoo kinakwenda wiki kadhaa kwa mawe mawili madogo ya betri ambayo hata duka la hapa Waa linayo, na juani kinasomeka, changu juani ni giza, ndiyo maana leo nilimwondoa huyu mama barazani kwake penye upepo nikamwingiza humu kwenye joto, samahani mama, kioo hakipendi mwanga, naye akahama, mkeka akaubeba mwenyewe... mfiwa anahamishwa na mashine, na mimi nimesimama naangalia. Wala sikukikataa kile cha kijivu kwa ajili ya rangi, angalau moyoni sema kweli, nilikikataa kwa sababu kinataka ujifunze herufi zake upya, kila herufi kwa mkwaruzo mmoja wa kijiti, A haina kamba yake ya katikati, nikiandika yangu kinakataa, naandika tena kinakataa, na Mwanatumu wa ofisini kwetu ambaye alizishika zote asubuhi moja ananitazama kwa huruma, na vidole vikaniuma, naapa viliniuma, rula ya Mwalimu Ndolo kule Shimba Hills, darasa la kwanza, mwandiko gani huo, andika tena, na wenzangu wote wanacheka, nikasema mimi na diploma yangu sifundishwi tena A na kidude cha plastiki... "Wasemaje, mama?"

"Nasema, si mlisema mkimaliza humsomea mtu maneno yake? Haya, nisomee. Maana nilikwambia, mimi hili nalisema mara moja tu. Nikilirudia mwili wote hunilegea, siku hiyo sipiki."

Ndivyo, ni kanuni yetu, kila mtu asomewe alivyosema, kisha akubali, dakika moja mama, nasema, dakika moja... nitasoma, kwani nani atajua, nakishika hivi, nazungusha macho kama kuna maandishi, homa ilianza Alhamisi, usiku degedege, bibi yake akasema ni nyuni, pepo wa ndege anayeshika watoto, asubuhi barabara ilikuwa maji matupu, mama akambeba... akambebaje, mgongoni au kifuani, alisema, alilieleza kwa kirefu, sauti ikitoka chini ya leso, nami wakati huo... nilikuwa naitazama alama ya betri pale pembeni, imebaki ukucha, nikimwomba Mungu amalize upesi, Ee Mola, mama ananieleza mtoto alivyomfia mikononi na mimi naomba afupishe. "Na jina hasa ulisome vizuri," anasema, "watu hulikosea." Jina. Alilitaja, si mara moja, vidole vyangu hivi ndivyo vilivyoliandika, kichwani halimo, natafuta, halimo, kama lilikuwa la kiume au la kike siwezi kuapa, na hata kidude kingewaka sasa hivi, hata kingekuwa cha Swabir chenye mawe mapya, kingelijua chenyewe, si mimi, betri naweza kuisingizia, ofisi naweza kuisingizia, hili la kutomsikiliza nimsingizie nani, sijawahi kuona aibu hii, hata kwa Mwalimu Ndolo... nakiweka chini, mkekani, hapo, sitasoma uongo, nitamwambia, mama, ulikuwa unasema na mimi sikuwapo, nitasema, naye amesogea, ameinamisha kichwa upande wangu, kuku wamerudi kwenye mihogo wala yeye hawafukuzi, anangoja nimtajie mwanawe.