Swali la Tabu wa Mbuchi

Shirin aliuza vifaa vya umeme pale Kibiti, katika duka alilorithi kwa baba yake. Kundi la WhatsApp la mafundi na wachezaji wa gemu alilianzisha yeye, baada ya kuchoka kujibu maswali yaleyale kwa wateja tofauti. Aliona afadhali watu waulizane na kusaidiana wenyewe. Kundi likakua. Walikuwemo watu wa Ikwiriri, wa Chumbi, wa Mahege, hata wa visiwani kule delta, mto unapoingia baharini.

Asubuhi moja aliingia mtu mpya, mwanamke aitwaye Tabu, wa Mbuchi, hukohuko delta. Akatuma ujumbe wa sauti kwa unyenyekevu.

"Asalaam aleikum jamani. Mie nina banda la gemu, natumia sola. Mashine ya kuchezea inawaka vizuri tu, lakini mechi ikianza, inazima. Wachezaji wanakasirika, wanaondoka. Naomba msaada wenu."

Alieleza pia kwamba banda lile ndilo linalomlisha tangu mafuriko yalipofunika shamba lake la mpunga.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Rizwan, mtoto wa kaka yake Shirin, kijana hodari wa kuunda kompyuta. "Uza hiyo mashine, nunua kompyuta. Hizo ni za watoto."

Bushiri, fundi sola wa Chumbi, akamrukia. "Kompyuta kwenye sola ya kijijini? Wewe umewahi kufunga hata paneli moja?"

Kuanzia hapo swali la Tabu likasahaulika. Watu wakagawanyika, hawa wanasifia kompyuta, wale wanasifia mashine za kwenye runinga. Wakarushiana picha za michezo yao, ya nani inang'aa zaidi, ya nani inakwama. Vikaragosi vya kucheka vikajaa. Kisha Rizwan akaandika, "Watu wa delta subirini umeme kwanza, ndiyo mje kuzungumza gemu."

Bushiri akajibu, "Nyie wa dukani mnajua kuuza tu. Rudini kwenu Bombay."

Shirin alikuwa akimhudumia mteja. Alipomaliza, akaishika simu na kusoma. Baba yake alizaliwa Kibiti na kuzikwa Kibiti. Hiyo Bombay walikotoka mababu, yeye Shirin hakuwahi kuiona. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa mstari mdogo wa chini kabisa: Tabu ametoka kwenye kundi.

Alifikiria kulifuta kundi zima, apumzike. Badala yake akalifunga kundi asiandike mtu isipokuwa yeye, akamtoa Bushiri, akamtoa na Rizwan. Akaandika: "Dada mmoja ametuuliza swali, hatukumjibu. Tumetukanana mbele yake mpaka amekimbia. Kundi litafunguliwa akirudi."

Rizwan alifika dukani amenuna. "Shangazi, unanitoa mimi? Damu yako?"

"Ningeanza na nani, mwanangu? Nikimtoa Bushiri nikakuacha wewe, nani ataniamini tena?"

"Yeye ametutukana sote!"

"Amekosa, na nitamwambia. Sasa niambie, mashine ya yule dada inazima kwa sababu gani?"

"Sijui. Sikumuuliza vizuri."

"Basi umejibu nini muda wote ule?"

Rizwan akavuta kiti, akakaa nyuma ya kaunta, akaanza kusikiliza upya ule ujumbe wa sauti wa Tabu, safari hii mpaka mwisho.

Bushiri alipopigiwa alipokea kwa sauti ya ukali, lakini Shirin hakupandisha yake. Alimweleza tu baba yake alikuwa nani na amelala wapi.

"Dada Shirin," Bushiri akasema kwa upole, "marehemu mzee wako ndiye aliyeniuzia bisibisi yangu ya kwanza. Wallahi nilisahau naandika kwenye kundi la nani. Hata lingekuwa la mwingine, neno lile halikufaa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini aliyeumia si mimi peke yangu."

Tabu ndiye aliyekuwa mgumu alipopigiwa. "Dada, mie nilikuja kuuliza, nikakuta ugomvi. Mie na sola yangu tumeonekana kichekesho. Niache tu."

"Nimeona, na nimeona aibu," Shirin akamwambia. "Nakuomba urudi mara moja tu. Usipopata jibu, hilo kundi nitalifuta mwenyewe."

Tabu akarudi. Shirin akawarudisha na wale wawili, kila mmoja akaomba radhi mbele ya wote. Kisha akaweka sharti: atajibiwa kwanza aliyeuliza, na watu wataisema mashine, hawatamsema mwenye mashine.

Rizwan akaandika taratibu. "Dada Tabu, inveta, ile inayobadili umeme wa betri uendeshe runinga, inapiga kelele kabla ya kuzima?"

"Eee, inalia. Tii, tii, kisha kimya. Hakuna aliyeniuliza hilo."

Bushiri akadakia, "Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta ni mrefu?"

Tabu akatuma picha. Betri ilikuwa nje, kwenye kibaraza. Waya mwembamba umepita dirishani, ukazunguka ukuta mzima mpaka kwenye inveta iliyokuwa chini ya runinga.

"Ndiyo hapo!" Bushiri akaandika. "Mechi ikianza mashine inavuta umeme mwingi. Waya huo haumudu, volti zinashuka, inveta inajizima."

"Fundi Bushiri amesema kweli," Rizwan akaongeza. "Sogeza inveta ikae jirani na betri, tumia waya mnene na mfupi. Huo mrefu uwe wa kwenda kwenye runinga."

Siku hiyohiyo Shirin alikata waya mnene dukani, akaupeleka bandarini Nyamisati kwa mtu aliyekuwa akivuka kwa boti kwenda Mbuchi. Kesho yake Tabu alifungua na kufunga mwenyewe, akipiga picha kila hatua, Bushiri akimwelekeza, Rizwan akimkumbusha asichanganye chanya na hasi. Watu wote kundini walifuatilia.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Kelele tupu, vijana wanashangilia bao, na sauti ya Tabu katikati yao akicheka. "Haizimi! Jamani, haizimi! Ahsanteni sana, Mungu awape kheri. Dada Shirin, ungeniacha niondoke, leo ningekuwa nimefunga banda."

Shirin aliusikiliza akiwa kwenye kaunta, akaurudia tena. Alimshukuru Mungu kwamba hakulifuta lile kundi. Rizwan aliinamia waya aliokuwa akiuzungusha, akasema bila kumtazama, "Shangazi, ahsante kwa kunitoa."

Siku chache baadaye Shirin alimpa Tabu nafasi ya kusimamia kundi pamoja naye. Haikupita wiki watu wakaanza tena kubishana kuhusu mashine gani ina picha nzuri, na maneno yakaanza kuwa makali. Shirin alikuwa akipima waya wa mteja, hakupata nafasi ya kuishika simu.

Alipoifungua, alikuta Tabu ameshaandika: "Jamani, Mtoro wa Mahege kauliza, akibonyeza pasi, runinga yake inachelewa kuuonyesha mpira. Nani anajua?"

Chini yake yalikuwepo majibu manne, yote kuhusu runinga.