Alichonong'ona Mama

Fundi alimaliza ujana wake kwenye kiwanda cha mbao, sikio kando ya msumeno. Binti yake alimpeleka kupimwa kwa sababu majirani walishachoshwa na sauti kubwa ya redio yake. Tangu wamzike mama, binti alikuwa akimjibu baba yake kwa mkato, na mzee hakujua amemkosea nini.

Mpimaji, mama mmoja mpole, alimwingiza kwenye kichumba kisichopitisha kelele, akamvika vidude vya masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Binti, nyuma ya kioo, aliona taa ya mashine ikiwaka kwa kila mlio, na mara nyingi kidole cha baba kimetulia tuli. Kisha baba akabandikwa kidude kingine kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hali ikawa ileile.

"Masikio hayajaziba," mpimaji alisema kwa sauti kubwa. "Yangeziba, yangetibika. Kilichoharibika ni cha ndani kabisa. Sauti nzito unazipata. Nyembamba, au mtu akinong'ona, huambulii kitu."

"Mbona naongea na watu vizuri tu?"

"Unawasoma midomo, mzee wangu. Ukikwama, unaitikia."

"Imeanza lini?" binti akauliza.

"Miaka mingi, mwanangu."

Walipofika kwenye korido, binti alisimama. "Baba, mama alipokuwa anakata roho, ulisikia alichokuambia?" Ilibidi arudie kwa sauti, mpaka watu kwenye benchi wakageuka.

"Niliona anahangaika. Nikamwambia sawa, mke wangu, ili apumzike."

"Aliomba tumzike kando ya kaka." Kaka alikuwa kifungua mimba wao, aliyefariki mdogo, akazikwa kwa bibi, mbali. "Ukasema sawa, halafu ukamzika hapa mjini. Nikajua umempuuza."

"Si ungeniambia, mwanangu?"

"Nilidhani unajua."

Fundi akakaa kwenye benchi. Akamwomba ayarudie maneno ya mama kama yalivyokuwa. Binti akainama sikioni mwake, akayasema moja moja, kwa nguvu, huku machozi yakimtiririka.

Kifaa cha kusikia alichopewa kilimrudishia sauti za milango, vijiko, mbwa wa jirani. Maneno bado humfikia nusunusu. Aliomba ruhusa ya kuhamisha kaburi la mama, akakataliwa. Siku hizi wawili hao husafiri kwenda kupalilia kaburi la mtoto, na wakirudi hupitia kaburini kwa mama. Fundi huchuchumaa pale akamwelezea safari, bila kujua anapaza sauti kiasi gani, na binti hamwambii apunguze.