Nailoni Isitolewe

Katika nyumba ya Mzee Isihaka, mtaa wa nyuma ya soko la Kasulu, kitu kipya hakivuliwi nguo. Makochi yana nailoni yake mpaka leo, na mgeni akikaa siku ya jua huinuka nayo imemganda. Rimoti ya televisheni imeviringishwa nailoni na kufungwa mpira, vitufe vinabonyezwa kwa kukisia. Kwa hiyo siku ilipoletwa rauta, kile kisanduku cheupe cha kugawa intaneti nyumba nzima, Isihaka alimsimamia fundi kama askari.

"Nailoni isitolewe," akasema. "Vumbi la hapa unalijua mwenyewe."

Fundi alitaka kusema neno, akauona uso wa mwenye nyumba, akalimeza. Akatoboa matundu ya kupitisha nyaya, taa zikawaka, akaenda zake. Rauta ikawekwa ndani ya kabati la kioo, juu ya king'amuzi cha televisheni, na Tunu, mke wa Isihaka, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua. Sebuleni kwa Tunu kitu kisicho na kitambaa ni kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo.

Isihaka aliona fahari, na fahari yake haikuwa ya kukaa kimya. Wapangaji wote wa uani akawapa waifai bure, na kila aliyepita dukani kwake kununua kitenge alielezwa kwamba wapangaji wa Isihaka wanapata waifai bure. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Epifania, fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani mwa duka hilohilo na kupanga chumba cha mwisho uani. Baba yake, Mzee Ntirampeba, alikuwa Murungu, kule Kibondo, mguu mmoja umemlemea, hatoki nje ya boma. Kila mchana Epifania aliacha cherehani, akarudi uani kumpigia simu ya video wakacheka. Mzee huyo alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Epifania mwenyewe alizaliwa Kibondo, akapiga kura Kasulu, na akikasirika alikasirika kwa Kiha, kama mwenyeji yeyote.

Kisha mtandao ukaanza kukatika. Asubuhi safi, usiku safi, lakini mchana unakatika, unarudi, unakatika tena. Isihaka akapiga simu huduma kwa wateja, akaambiwa azime, asubiri, awashe. Akazima kwenye swichi ya ukutani, akasubiri, akawasha, ukakaa sawa kidogo, ukakatika. Akalaumu mvua. Mvua ilipokata akalaumu panya, akakagua waya wote mpaka darini, akashuka na utando wa buibui kichwani na hakuna panya aliyeuma kitu. Akazungusha antena ya juu ya paa kuelekea kibla, kisha kuelekea Manyovu, upande wa mpakani. Mwisho akakaa akafikiri: unakatika mchana tu, na mchana nani yuko kwenye mtandao? Epifania. Jibu hilo lilimpendeza mno. Hakujiuliza ni nani mwingine hurudi kutoka dukani mchana, akala, akajinyoosha kwenye kochi na kuwasha televisheni na king'amuzi mpaka alasiri. Huyo alikuwa yeye.

Siku ya Yasmini ndiyo iliyoharibu kila kitu. Yasmini, binti yao, alikuwa amehitimu chuo na kuitwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya mtandao, mchana. Alijifungia chumbani na kompyuta yake, amevaa koti juu na kanga chini. Baba yake, kwa kihoro, alikaa sebuleni na televisheni iliyonyamazishwa, akiangalia bila kuona. Katikati ya swali la pili Yasmini akapiga kelele. Mtandao umekufa. Uliporudi, wale waliokuwa wakimhoji walikwisha kumwita mtu mwingine, na hawakumtafuta tena.

Isihaka akatokea uani kama mtu anayefukuza mwizi. Mama Siti, mpangaji wa chumba cha kwanza, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Pasikali wa bodaboda alikuwa akiosha pikipiki. Epifania alikuwa kwenye kigoda, anaitikisatikisa simu yake, maana nayo ilikuwa imekatika vilevile. Jambo hilo peke yake lilitosha kumzindua mtu mwenye akili zake.

"Ndiyo maana!" Isihaka akafoka. "Ninyi wakimbizi mkipewa kitu cha bure lazima mkimalize? Binti yangu amekosa kazi kwa ajili yako! Rudi kambini kwenu!"

Mikono ya Mama Siti ikasimama juu ya maharage. Pasikali akaiacha sabuni ikauke. Epifania alimtazama Isihaka kwa muda, kama anayesubiri amalizie sentensi nyingine, ya kuipoza ile. Haikuja. Akaingia ndani. Wiki haikuisha, akawa ameipakia cherehani juu ya basi la Kibondo. Hakumuaga mwenye nyumba.

Na mtandao ukaendelea kukatika. Isihaka akajifanya haoni. Mchana mmoja alipochoka kujifanya, akapitisha mkono chini ya kile kitambaa ili azime rauta, akaurudisha upesi kama aliyeshika sufuria jikoni. Akakifunua. Nailoni ilikuwa imelegea na kunata juu ya matundu ya kupumulia. Chini yake king'amuzi kilikuwa kikitoa joto lake lote juu, kama jiko. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Aliichana ile nailoni, akaitoa rauta kabatini, akaiweka dirishani kwenye upepo, kisha akawasha televisheni makusudi. Mtandao haukukatika mchana ule, wala kesho yake, wala siku zilizofuata.

Hapo ndipo angesema. Mtu muungwana angesema palepale. Lakini Tunu akawahi.

"Umeona, Baba Yasmini?" akasema, akimmiminia chai. "Tangu yule aondoke, mtandao umetulia."

"Mm," akasema Isihaka.

Hiyo "mm" ilikuwa mbaya kuliko ule ukelele wa uani. Kelele huenda mtu akasingizia hasira. Hii aliitoa akiwa ametulia, kikombe mkononi, anajua. Tunu akampa Mama Siti habari, Mama Siti akasema kumbe kweli bwana, na wateja waliouliza fundi cherehani yuko wapi wakaambiwa kisa chenye chumvi zaidi kila mara. Yasmini, aliyekuwa rafiki wa Epifania, akafuta namba yake kwenye simu. Na Isihaka akawa mtu wa "mm". Akisimama barazani kwake, pale cherehani ilipokuwa, anarudi ndani upesi. Msikitini akasahau yuko rakaa ya ngapi. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita, na mkewe akadhani ni kisukari.

Mwisho aibu ikamtoa nyumbani. Akamdanganya Tunu kwamba anakwenda kuonana na mfanyabiashara mwenzake, akapanda basi la alfajiri mpaka Kibondo, kisha bodaboda mpaka Murungu.

"Mwakeye," akasalimia kwa Kiha, mlangoni kwa Mzee Ntirampeba.

Epifania alitoka, akasimama kidogo, kisha akaleta kiti. Akaleta maji ya kunawa. Akaleta ugali wa muhogo na maharage, akampakulia vizuri kama mgeni yeyote. Mzee Ntirampeba, mguu wake juu ya gogo, alikuwa mchangamfu. Alimshukuru kwa intaneti ya bure, akasema binti yake alimsifu sana. Isihaka akatamani ardhi impasukie.

Walipomaliza kula akaeleza. Alieleza yote kuhusu rauta: kitambaa, king'amuzi, joto, jinsi kisanduku kinavyojizima kikizidiwa na kujiwasha kikipoa. Aliposimulia ile nailoni Mzee Ntirampeba akacheka mpaka akashika mbavu, na Isihaka naye akacheka kidogo, akaona mambo yanakwenda vizuri.

"Kwa hiyo halikuwa kosa lako, mwanangu," akamwambia Epifania. "Lilikuwa joto tu. Nisamehe."

"Habari ya joto nimeielewa, Baba Yasmini," Epifania akasema. "Na lile neno? Nalo lilitokana na joto?"

"Neno gani?" akauliza mzee, bado ana cheko usoni. Hakuwa ameambiwa kitu.

Isihaka akayatazama maharage yaliyobaki kwenye sahani.

"Nilimwita mkimbizi," akasema. "Nilimwambia arudi kambini."

Cheko lilimtoka mzee taratibu. "Kambi ipi?" akauliza, kwa upole, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Isihaka hakuwa na jina la kambi. Hakuwahi kufikiria kwamba neno lile lina mahali pake.

"Nisameheni," akasema. "Nisameheni nyote wawili."

Epifania akakusanya sahani. "Ulinitukana Kasulu, mbele ya watu," akasema. "Unakuja kuniomba radhi Murungu, mbele ya migomba. Wale wanajua mimi ndiye niliyemaliza mtandao wenu. Wapigie."

"Nikirudi nitawaambia, Wallahi."

"Wapigie sasa. Video. Si umesema mtandao umepona?"

Isihaka akatoa simu. Akakosea namba mara moja. Tunu akapokea akiwa uani, sauti yake juu. "Baba Yasmini! Mbona migomba? Huyo mfanyabiashara mwenzako ni mkulima?" Nyuma yake Mama Siti akasogeza kichwa, Pasikali akachungulia, Yasmini akaja akifuta mikono. Epifania akakaa kando ya Isihaka, ili naye aonekane.

Basi mtu yule aliyehangaika majuma kwa majuma ili mtandao usikatike, akaomba moyoni ukatike. Akaomba kwa dhati, kama anavyoomba mgonjwa. Haukukatika. Akasema. Alisema juu ya nailoni, akasema juu ya lile neno, na la mwisho, lililomtoka kwa shida kuliko yote, akasema kwamba alijua tangu siku aliyoihamisha rauta, akanyamaza, akawaacha wamseme Epifania.

Alipomaliza, hakuna aliyejibu. Tunu alikuwa amemkodolea macho, mdomo wazi kidogo. Yasmini hakupepesa. Isihaka akapata tumaini: labda picha imeganda, labda hawakusikia.

Kisha kuku akapita nyuma ya Tunu, akidonoa.