Kitabu Kibovu Alichokitaka Shemeji

Fundi saa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, waliunganishwa na ndoa, lakini kilichowashikamanisha hasa ni riwaya za upelelezi za mtunzi mmoja, na ubishi juu yake. Fundi alisema zile za mwanzo ndizo riwaya: kisa kimekazwa kama springi, ukianza hulali. Za baadaye, alisema, mzee kaishiwa. Muuaji unamjua kabla chai haijapoa. Shemeji, dereva wa lori, alishikilia za baadaye. Fundi akamwambia kwamba kichwa chake kimezoea kubeba mizigo, hakichagui. Wakacheka mpaka dada akawafukuza sebuleni.

Kisha shemeji akaugua ini. Alikonda hadi pete ikawa inamchomoka kidoleni. Fundi akawa anafunga kibanda mapema, anakwenda wodini kumsomea, maana macho ya mgonjwa hayakutulia tena kwenye mstari. Alianza na riwaya aliyoiona bora kuliko zote, ile ya mpelelezi aliyefungiwa ndani ya bohari pamoja na mtu anayemsaka. Hakufika mbali. Shemeji alimgusa mkono.

"Hiyo iache, shemeji. Kila ukurasa hujui kama mtu ataiona kesho. Hofu ninayo yangu ya kunitosha. Nisomee ile mbovu."

Ile mbovu ndiyo ile ambayo mpelelezi amestaafu, anachelewa kwenye kila tukio, na nusu ya kitabu anapalilia maua na kugombana na mkewe. Fundi aliisoma bila kutia neno lake. Mahali fulani mpelelezi alihangaika kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa, na shemeji akacheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini.

Hawakuimaliza. Asubuhi moja fundi alikuta kitanda kimeshatandikwa, dada yake ameketi ukingoni, mikono imelala mapajani.

Baada ya maziko dada alimwambia achague vitabu anavyotaka. Alichukua kile kimoja tu. Akakimalizia kibandani, saa za watu zikimngoja mezani. Kilikuwa kibovu vile vile alivyosema siku zote: muuaji ni yule yule aliyemdhania, na mwisho umelipuliwa harakaharaka. Akainua kichwa amwambie mtu. Wa kumbishia hakuwepo. Akainamia meza akalia, na mteja aliyekuwa amefika mlangoni akageuka taratibu, akaenda zake.